Baiskeli Niliyoibadili kwa Kitabu

Wale mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilikwama wapi: barazani kwa Mzee Kibwana, hapo Msimbu, posa yangu imekataliwa na kahawa yangu sijaimaliza.

Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Husseini, mchukuzi wa nazi na mihogo kwa baiskeli kutoka vijijini mpaka Kisarawe, miaka ishirini na saba, yatima wa baba na mama. Nilimpenda Mwanamvua binti Kibwana. Naye, sijisifu, alinipenda. Mzee hakuwa na neno juu yangu mpaka alipokwenda kutazamia.

Mzee Kibwana hakati mti, hapandi mhogo, haendi hata mazikoni bila kutazamia nyota. Mpiga ramli alichora mchanga wake, akahesabu jina langu na la mama yangu, akahesabu jina la Mwanamvua na la mama yake, kisha akatikisa kichwa. Nyota zao zinapigana, akasema.

"Wewe ni kijana mwema, Husseini," Mzee aliniambia. "Lakini simtii binti yangu motoni nikiwa namtazama."

Na nyuma yangu kulikuwa na Pazi, mwenye duka la mafuta ya taa, aliyekwisha kutuma wazee wake. Mzee aliwaambia wangoje mwezi uandame, ndipo atoe jibu. Mwezi ndiyo kwanza ulikuwa umeandama.

Mtu mwenye akili angetafuta mchumba mwingine. Mimi nilijiambia hivi: kama nyota zinasomwa kitabuni, basi nami nitatafuta kitabu.

Nilimweleza Mwanamvua shauri hilo kisimani. Alitua ndoo yake.

"Fanya ufanyalo," alisema, "ila usidanganye. Mume mwongo nitamwacha, hata kama ana nyota saba."

"Mimi nidanganye?" nilisema, na nikaona uchungu kweli kweli.

Nilianza kwa Mwalimu Matano, kule Chole. Yeye ndiye aliyetufundisha Kurani chuoni sote, na katika wilaya nzima hapakuwa na mtu anayejua falaki, elimu ya nyota, kumshinda. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka anachambua mchele kwa vidole, maana mtoto wa jicho alikwisha kumfunika macho yote mawili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti ya Husseini hiyo. Ulikuwa ukiruka mistari, wewe. Umeacha?"

"Nimeacha, Mwalimu."

"Hm. Ulikimbia chuo umefika nusu. Mwanamvua wa Kibwana alianza nyuma yako akahitimu, na hati yangu alikuwa akiisoma kuliko ninavyoisoma mwenyewe. Haya, umeleta nini?"

Nikamweleza kwamba nataka kujifunza elimu ya nyota, na nataka kitabu kimoja cha kudumu, kitakachonifaa mpaka nazeeka.

Mwalimu alivuta mkoba wa ngozi ya mbuzi, akatoa kitabu chake. Wasomaji wangu, niliona aibu kwa niaba yake. Kilikuwa chembamba, kimeshonwa kwa uzi wa nyavu, kimemwagikiwa kahawa, na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa.

"Hiki nilikinakili kwa mkono wangu kwa mwalimu wangu," alisema. "Mwaka mzima. Nikampa ada yake ya kilemba, akanipa ruhusa yake. Kitabu cha kununua ni karatasi. Kaa hapa mwaka mmoja, unakili, kitakuwa chako."

"Mwaka, Mwalimu? Mimi nina siku ishirini na tano!"

"Basi wewe hutafuti elimu. Unatafuta jibu."

Nilijifanya sikusikia. Nikafunua kurasa za nyuma. Huko hakukuwa na nyota wala hesabu. Kulikuwa na majina ya watu tu, mistari kwa mistari: nani kazaliwa lini, nani kaugua nini, nani kagombana na nani kwa sababu ya mnazi.

"Na haya ya nini?"

"Hayo ndiyo kitabu chenyewe. Kila aliyeniita, nimemwandika. Huko mbele ni hesabu tu, hata wauza mkaa wanahesabu."

Nikacheka. Naye akacheka, lakini nadhani hatukuwa tukicheka jambo moja.

"Ukienda kununua," alinisindikiza kwa maneno, "usitazame unene. Kiulize kitabu jambo unalolijua tayari. Kikikwambia kweli, kichukue. Kikikwambia unalopenda, kiache."

Shauri zuri kabisa. Nalikumbuka lote mpaka leo, neno kwa neno, jinsi mtu anavyokumbuka njia aliyoelekezwa akapita nyingine.

Kesho yake nilikuwa juu ya baiskeli kwenda Kibaha. Huko Sofu alikuwapo mtu akiitwa Isihaka, mwuza udi, tasbihi, sabuni na vitabu, vyote katika sanduku moja, hata vitabu vyake vikanukia harufu ya sabuni.

"Nataka kitabu cha nyota," nilimwambia. "Kimoja, cha kudumu. Sitaki kurudi tena hapa."

"Hakuna aliyenunua kwangu akarudi," alisema Isihaka.

Kauli hiyo niliitafakari baadaye sana.

Alinitolea vitatu. Cha kwanza kilikuwa kidogo kama kibiriti. Hicho, alisema, ni cha wasafiri. Cha pili kilikuwa cha kadiri, kikavu, kimejaa hesabu bila maelezo. Hicho ni cha wanaojua tayari. Halafu akafuta mikono, akafungua kitambaa, akatoa cha tatu.

Mama yangu! Jalada jekundu, maandishi ya dhahabu mgongoni, unene wa tofali. Kilipigwa chapa kwa herufi za Kiarabu lakini kwa lugha yetu wenyewe.

"Hiki kina kila kitu," alisema Isihaka. "Ndoa, safari, mwizi, mvua, mbuzi aliyepotea, ugomvi na serikali."

"Kina kweli?"

"Kitabu kinene namna hii, kweli itakosaje kuwamo mahali?"

Nikakumbuka shauri la Mwalimu. Kiulize unalolijua. Nikahesabu jina langu, Husseini, na la mama yangu, Mwamvita, nikapata nyota yangu, nikatafuta ukurasa wake, nikasoma: "Mwenye nyota hii ni mtu mkweli, hapendi hila, na wanawake humstahi."

Nikakifunga taratibu. Kitabu kilichonijua hivyo siku ya kwanza, nilijiambia, kitanijua milele.

Isihaka hakutaka shilingi zangu. Alikuwa akiitazama baiskeli. Aliizunguka, akaminya tairi, akapiga kengele mara moja, akatabasamu. Nilikuja Sofu kwa magurudumu mawili, nikarudi Kisarawe kwa miguu miwili, na tofali kichwani.

Tangu siku hiyo mihogo niliibeba begani. Wateja wangu wawili walihamia kwa mchukuzi mwingine mwenye baiskeli. Niliona ni mambo madogo. Mtu anayejua siri za mbingu hasumbuliwi na mihogo.

Nilisoma siku kumi na nne. Nilisoma njiani, nilisoma nikila, nilisoma mpaka nikawa naota kurasa. Siku ya kumi na tano nikachukua kalamu ya risasi kuhesabu nyota yangu na ya Mwanamvua.

Njia ya kwanza ya kitabu ilinipa jibu: zinapigana.

Sikuamini. Nikahesabu tena. Zinapigana.

Ndipo nilipogundua faida ya kitabu kinene. Katika kitabu chembamba, ukikosa jibu umekosa. Katika kitabu kinene unafunua ukurasa mwingine. Njia ya pili ilisema zinapigana na mume atakufa maji. Njia ya tatu iliniambia nitazame kisimani upande wa magharibi, nikashangaa, mpaka nilipoona nimeingia mlango wa mbuzi aliyepotea.

Njia ya nne, ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, ilisema: "Hawa wawili wanapatana. Wataishi pamoja kama ndugu wa tumbo moja."

Niliruka juu. Nililia. Nililibusu jalada jekundu. Ndugu wa tumbo moja! Palikuwa na mapatano gani kupita hayo?

Nikaenda Msimbu na kitabu nimekifunga kwa kanga mpya. Mzee Kibwana alinikaribisha kwa uso wa mtu aliyekwisha kutoa jibu. Lakini alipoona kinachotoka ndani ya kanga, aliinuka.

"Hicho ni kitabu?"

"Ni kitabu, Mzee."

Akakipokea kwa mikono miwili. Hakukifungua. Alikipima uzito, akaketi nacho mapajani.

"Yule mpiga ramli wangu hana hata kimoja," alisema polepole. "Ana mchanga tu."

Nikamsomea ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili. Kurasa za nyuma yake sikuzigusa. Mzee hakuniuliza, nami sikumchosha. Nilimsikia Mwanamvua nyuma ya pazia, bangili zake zikagongana.

"Kama ndugu wa tumbo moja," Mzee alirudia. Macho yalimlowa. "Marehemu Mwanajuma angefurahi. Alikufa, Mwanamvua hajaota meno. Sikuwa na jingine la kumfanyia mke wangu isipokuwa kumlindia binti yake."

Akanishika mkono. Akaniita mwanangu. Akasema wazee wa Pazi wataambiwa warudi na salamu. Wasomaji wangu, kwa muda wa kumeza mate, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Kisarawe na Kibaha.

"Ila," alisema Mzee.

Sijapata kulipenda neno hilo.

"Ila wewe ndiye mwenye shauri, na wewe huyo huyo ndiye uliyehukumu. Mshtakiwa na hakimu hawawi mtu mmoja. Na kitabu huthibitishwa na kitabu. Nimesikia ulikwenda kwa Mwalimu Matano. Ijumaa baada ya sala atakuwa hapa. Naye akisema ndiyo, tunafunga ndoa kabla mwezi haujaandama."

Sikuogopa. Niwe mkweli, nilidharau. Yule babu haoni, na kitabu chake ni chakula cha mchwa. Atasema nini?

Ijumaa akaja juu ya punda, mkoba wa ngozi ya mbuzi begani. Tukaketi barazani watatu. Kitabu changu chekundu nilikiweka katikati, palipo na mwanga. Mwalimu alikipapasa, akakinusa.

"Kina harufu ya sabuni," alisema. "Kinasema wanapatana?"

"Kinasema, Mwalimu."

"Kwa njia ya ngapi?"

Nikakohoa. "Ya... iliyo bora."

"Vizuri. Basi nyota tumemaliza." Akatoa kitabu chake, akanitupia mapajani. "Mimi sianzi na nyota. Posa ikija, nawatafuta kwanza watu huko nyuma. Magonjwa, magomvi, wazee wao walivyoishi. Macho sina, utanisomea. Mwaka wa ndui. Nakumbuka niliandika kitu juu ya nyumba ya baba yako, Mwinyijuma, lakini kitu gani, sikumbuki. Nimeandika watu wengi mno."

"Mwaka wa ndui mimi sikuwapo," alisema Mzee Kibwana. "Nilikuwa kwenye mkonge, upande wa Kibaha. Ndio mwaka aliokufa mtoto wetu wa kwanza. Niliporudi nilikuta kaburi limeota majani."

Nikafunua. Karatasi zilikuwa laini kwa kuzeeka. Nikapata mwaka wa ndui, nikapata Msimbu, nikapata jina la baba yangu. Mistari mitatu tu.

Mstari wa kwanza: Mwamvita mke wa Mwinyijuma ameshikwa na ndui, amepelekwa kambini, mtoto wake Husseini ana miezi mitatu.

Sikujua. Hakuna aliyepata kuniambia. Wengi waliojua walizikwa mwaka ule ule. Niliona vizuri kumwona mama yangu mle ndani, jina lake limeandikwa kwa wino, na mimi pembeni yake. Nikajua sasa maana ya zile kurasa.

Kisha macho yangu yakashuka mstari wa pili.

Mwanajuma mke wa Kibwana, aliyemzika mwanawe juma hili, amemchukua mtoto Husseini na kumnyonyesha siku arobaini. Ameniomba mumewe asijue, asije akaogopa ndui.

Mstari wa tatu: Mwamvita amepona, amerudi, mtoto wake mzima. Alhamdulillahi.

Hamhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza, maana mimi mwenyewe nilijieleza mara tatu pale pale. Katika dini yetu, aliyenyonya ziwa la mwanamke siku arobaini ni mwanawe. Watoto wa mwanamke huyo, waliozaliwa kabla na baada, ni ndugu zake. Ndugu haolewi na ndugu. Hapo hapana njia ya nne. Hakuna ukurasa mwingine wa kufunua.

Ndugu wa tumbo moja, kilisema kitabu changu chekundu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaribia kweli, na hata hapo kilikosea kidogo.

"Umenyamaza," alisema Mwalimu. "Umepata?"

"Nimepata."

"Soma."

Nilimtazama Mzee Kibwana. Alikuwa amenielekezea uso wote, ametabasamu, kidevu amekiweka juu ya fimbo. Nilimtazama Mwalimu, macho yake meupe. Nikawaza: mmoja hakupata kujua kusoma hati hii, mwingine haoni tena. Waliokuwapo wamekufa. Katika dunia nzima jambo hili tunalijua wawili, mimi na karatasi.

Nakiri mbele yenu nisiowajua, kwa kuwa ninaowajua sikuweza. Sikufikiri juu ya Mungu. Sikufikiri juu ya yule mama aliyetoka makaburini kumzika wake akaja kunipa mimi maziwa yake. Nilifikiri juu ya Pazi na mafuta yake ya taa.

Nikasoma kwa sauti nzuri ya chuoni:

"Mwamvita mke wa Mwinyijuma ameshikwa na ndui, amepelekwa kambini. Mtoto wake Husseini ana miezi mitatu. Mwamvita amepona, amerudi, mtoto wake mzima. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," aliitikia Mzee Kibwana.

"Hakuna jingine?" aliuliza Mwalimu.

"Hakuna jingine, Mwalimu."

"Basi ni watu salama wa nyumba nzuri. Mimi sina neno."

Mzee alipiga fimbo yake chini kwa furaha, akaita kahawa. Ndipo nilipotambua kwamba kahawa ilikuwa imekwisha kuja. Mwanamvua alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, birika mkononi, sijui tangu lini. Alikuwa akitazama kitabu kilichokuwa wazi mapajani mwangu, kwa hati ile aliyoisoma utoto wake wote.

Alitua birika chini. Akainama. Nikasikia pumzi yake karibu na sikio langu, na nilitaka kufunga kitabu, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kukishika.

"Baba," alisema, "ameruka mstari."

Mwalimu Matano alicheka. "Si nilisema? Hajaacha!"

"Basi soma wewe, mwanangu," alisema Mzee Kibwana, tabasamu lake lingali usoni. "Wewe ndiye uliyehitimu."

Mwanamvua hakunitazama. Aliweka kidole chini ya mstari wa pili. Neno la kwanza la mstari ule lilikuwa jina la marehemu mama yake.

Alilisoma. Kisha akasogeza kidole kwenye neno la pili, na baba yake akaacha kutabasamu.